Somo: Kusoma mdundo wa moyo kwenye ECG (chati ya umeme wa moyo), hatua kwa hatua

Wakuu, swali la "nianzie wapi kusoma ECG" nimelijibu hadi nimechoka. Naliandika hapa mara moja. Mwenzako akikuuliza, mlete hapa.

1. Hakiki jina, tarehe na kasi ya karatasi. Iwe milimita 25 kwa sekunde.

2. Hesabu visanduku vikubwa vya karatasi kati ya kilele cha R (mchomo mrefu wa kila pigo) na R inayofuata, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo upate mapigo kwa dakika. Kama mapigo hayana mpangilio, hesabu QRS (kundi la michomo ya kila pigo, R ikiwemo) zilizomo ndani ya visanduku vikubwa 30, zidisha kwa 10.

3. Tafuta wimbi la P, kile kiwimbi kidogo kabla ya QRS. Hapa ndipo nilipoharibu. Umeme wa moyo huanzia nodi ya SA (kijisehemu kinachoanzisha mapigo), sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia, ukashuka kuelekea kushoto. Ndiyo maana P husimama, yaani huelekea juu, kwenye lidi I na II (lidi ni mstari wa chati unaoutazama moyo kutoka upande mmoja). Siku moja nilikuta P imepinduka kwenye lidi I, nikaandika kwamba mdundo unaanzia pasipo pake, na mgonjwa akaambiwa. Bingwa alipoiona chati alikwenda moja kwa moja kitandani: waya za mikono zilikuwa zimebadilishana, ya kulia kushoto. Yule mama alikesha akiamini moyo wake ni mbovu. Bado inaniuma.

ONYO: lidi I ikipinduka yote, P, QRS na T (wimbi linalofuata QRS), na lidi ya aVR ikasimama, kakague waya KABLA ya kuandika neno. R ikikua kawaida kwenye lidi za kifuani, kutoka V1 kuelekea V5, kosa ni waya. Ikizidi kufifia, fikiria moyo ulio upande wa kulia.

4. PR (kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS): visanduku vidogo 3 hadi 5. Upana wa QRS: chini ya 3.

Swali: R hadi R visanduku vikubwa 4, mapigo mangapi?
Jibu: Hatua ya 2. Ni 75.

Swali: Mkuu nisomee chati ya baba, picha hiyo. Anasema kifua kinambana.
Jibu: Sisomi chati ya mtu nisiyemwona. Kifua kinabana? Mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri jibu la mtu hapa.

Swali: Kwa nini umeme unacheleweshwa kwenye nodi ya AV, kile kituo kati ya vyumba vya juu na vya chini? Si ungepita tu?
Jibu: Umeuliza vizuri sana, ndugu yangu. Ule ucheleweshaji huvipa vyumba vya juu nafasi ya kumalizia kumimina damu kabla ya vya chini kubana. Tena nodi hiyo ni mlinzi: vyumba vya juu vikipapatika zaidi ya mara 350 kwa dakika, huzuia sehemu kubwa ya mawimbi hayo. Bila hiyo, vyumba vya chini visingepata hata muda wa kujaa. Mwanasayansi Mjapani Tawara aliieleza nodi hii mwaka 1906, miaka mingi kabla ya mashine tulizo nazo.

Swali: Nitajuaje kwa hakika kwamba mapigo hayana mpangilio? Macho yananidanganya.
Jibu: Weka ukingo wa karatasi nyeupe chini ya chati, tia alama kwenye R nne, kisha isogeze mbele. Alama zisipoangukia R popote, wala P huioni, hapo fikiria mpapatiko wa vyumba vya juu.

Mchangiaji: Nyongeza: mgonjwa akitetemeka kwa baridi, mstari wa msingi (ulio kati ya mapigo) hujaa vijimawimbi vinavyofanana na huo mpapatiko. Mfunike, mikono ilale kitandani, upige upya.
Jibu: Kweli kabisa. Na kama ana jasho, futa ngozi ikauke ndipo ubandike waya.