Kupanda mpunga bonde la Kilombero kabla mto haujafurika

Mto Kilombero hupokea maji ya Milima ya Udzungwa, kisha hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Kwa mkulima wa Ifakara, Mngeta au Lupiro, kalenda yote huhesabiwa kutoka masika kurudi nyuma: mafuriko yakifika, mpunga uwe umeshashika ardhi na kurefuka. Kitalu kiwe tayari mvua za Desemba zikikolea.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Iheshimuni, maji hubomoa kingo hizo kwanza. Penye maji mengi panda mpunga wa aina ya Supa, kwa kuwa ni mrefu, ingawa huanguka ukizidishiwa urea. Aina ya SARO 5 ni fupi na huzaa zaidi, ila inataka jaruba, yaani kipande cha shamba chenye kingo, ambalo maji yake unaweza kuyafungulia na kuyazuia.

Kwa kupandikiza, kilo 8 hadi 10 za mbegu zinatosha ekari moja. Zichambue kwa maji ya chumvi. Tia yai bichi, jipya, ndani ya ndoo ya maji, litazama. Ongeza chumvi ukikoroga mpaka lielee. Toa yai, mimina mbegu, engua zote zinazoelea: ni mapepe, na miche yake huwa dhaifu. Zilizozama zioshe mara mbili kwa maji safi, kwani chumvi ikibaki huua kiini. Loweka saa 24, funika kwa gunia lenye unyevu saa 48, kisha sia.

Chavanga jaruba, yaani vuruga udongo wake na maji uwe tope, na kulisawazisha. Mabonde madogo yakibaki, miche huoza. Vilima vikibaki, magugu hutawala. Hamisha miche ya siku 14 hadi 21, miwili au mitatu kwa shimo, sentimita 20 kwa 20. Mche mzee hauchipui vizuri.

Urea kilo 50 kwa ekari igawe mara mbili: wiki mbili hadi tatu baada ya kupandikiza, na mpunga unapokaribia kubeba mimba. Palilia kwanza, punguza maji, ziba mifereji. Mawingu ya mvua kubwa yakitanda, ahirisha, maana mbolea yote itakwenda Rufiji.

Ukiona majani ya manjano na mimea iliyodumaa, shuku kimyanga. Ni virusi, hakuna dawa. Ng'oa na ufukie.

Vuna punje zikiwa za dhahabu kwa asilimia 80 hadi 85. Anika juu ya turubai, ukigeuza mara kwa mara. Jua kali la lami hupasua punje na mchele hutoka chenga.