Wembe wa makali ya upande mmoja: namna ya kuujaribu bila kujikata wala kutoka vipele

Mashine za kisasa za wembe wa upande mmoja hununuliwa zaidi na watu waliochoka na vichwa vya plastiki vyenye nyembe tatu hadi tano. Kwa mwenye ndevu za kipilipili kuna sababu nzito zaidi ya bei. Katika vile vichwa vya plastiki, wembe wa mbele huuvuta unywele juu, unaofuata huukata, na kipande kinachobaki hurudi chini ya ngozi. Unywele ulionyooka huchomoza tena bila taabu. Wa kipilipili hujikunja na kuichoma ngozi kutoka ndani, na vipele vya shingoni huanzia hapo. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Hautibu vipele vilivyopo, ila unapunguza kuzaliwa vipya.

Humu "mashine" ni kile kifaa cha mkononi chenye mpini na kichwa, na "wembe" ni kile kibati unachobadilisha. Mashine ya umeme nitaitaja kwa jina lake.

Chagua wembe kabla ya mashine

Aina kuu za nyembe ni nne, na hakuna inayoingia kwenye mashine ya mwenzake. Wanunuzi wengi huvutiwa na mpini, kisha wanakuja kugundua kwamba nyembe zake haziuzwi mjini kwao.

Nusu ya wembe wa kawaida ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza Afrika Mashariki. Ni ule wembe wa duka la mangi wenye makali pande mbili, unaoukata katikati kama vinyozi wanavyofanya. Mashine kama Leaf Twig imeundwa kwa nusu hiyo. Wembe wenyewe ni mwembamba, takribani milimita 0.1, kwa hiyo ni lazima mashine iubane vizuri usicheze.

Nyembe za Artist Club, zinazotengenezwa na Feather na Kai wa Japani, ni nene zaidi ya mara mbili, takribani milimita 0.25, na hazipindi hata kidogo. Hutumika kwenye RazoRock Hawk na Blackland Vector. Zinakata vizuri mno na hudumu, lakini huku kwetu utaziagiza kutoka nje. Ukiamua kuanza nazo, nunua ProGuard, ambazo zina kinga ndogondogo kwenye makali. Pro Super ziache kwanza, kwa sababu makali yake huchungulia nje zaidi.

Aina ya tatu ni GEM, wembe wenye uti mgumu mgongoni, unaotumika kwenye mashine za zamani za Gem na Ever-Ready. Ya nne ni injekta, mfumo wa Schick wa kusukuma wembe kutoka kwenye kasha lake hadi ndani ya mashine. Kampuni ya Supply imeufufua. Upande mmoja si uvumbuzi mpya: ndugu wa Kampfe wa New York walikuwa na hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1880, na Gillette alipata hataza ya wembe wake wa pande mbili mwaka 1904.

Hatua ya 1: Anza na ngozi iliyotulia

Ukiwa na vipele vyenye usaha au vinavyouma, usijaribu chochote. Acha ndevu ziote mpaka ngozi ipoe, na visipopoa mwone daktari wa ngozi. Mwenye ngozi inayoota makovu manene ya keloidi aulize daktari kabla ya kugusa wembe wowote.

Ndevu ziwe za siku moja au mbili. Zikizidi milimita 3, zipunguze kwanza kwa mashine ya umeme, maana kichwa cha upande mmoja huziba haraka. Na usiianze kazi hii asubuhi ya harusi.

Hatua ya 2: Soma ndevu zinalala wapi

Uso ukiwa mkavu, pitisha vidole taratibu kila upande. Panapoteleza ndiko ndevu zinakolala, panapokwaruza ni kinyume. Mashavuni kwa kawaida zinashuka. Shingoni hakuna kanuni: kwa wengi zinapanda kuelekea kidevu, kwa wengine zinalala kando kuelekea sikio, na upande wa kulia unaweza kutofautiana na wa kushoto. Piga picha ya shingo yako kwa simu ukumbuke. Hatua hii watu huiruka, halafu wanaulaumu wembe.

Hatua ya 3: Weka wembe

Kwa nusu wembe: uache ndani ya karatasi yake, ukunje kwa urefu mpaka makali mawili yakaribiane. Utakatika wenyewe katikati, ndani ya karatasi, na vidole havigusi chuma. Nusu ya pili irudishe kwenye karatasi na uiweke pakavu.

Shika wembe kwenye ncha zake mbili tu. Uingize kwenye vijino vya mashine, rudisha bamba la juu, kaza mpini mpaka ukaze kwa nguvu ya vidole, usitumie koleo. Sasa fanya ukaguzi ambao hauchukui hata sekunde kumi: geuza kichwa kuelekea dirishani, tazama mstari mwembamba wa wembe unaochungulia kati ya bamba la juu na kinga, yaani ule ukingo wa chini wa kichwa. Uwe na unene uleule kutoka kushoto hadi kulia. Kona moja ikijitokeza zaidi, legeza, uusukume wembe hadi ukae kwenye vijino vyake, kaza tena. Kona hiyo ndiyo inayochora mstari mwembamba wa damu shavuni, na mtu hubaki akidhani mkono wake ni mbaya.

Hatua ya 4: Maji na povu

Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha uache maji ndevuni kwa dakika mbili au tatu. Unywele uliokunywa maji ni laini na hukatwa kwa nguvu ndogo kuliko mkavu. Kunyoa baada ya kuoga kunatosha, huhitaji taulo la moto.

Lowesha brashi na uikung'ute. Weka krimu ya kunyolea kama sentimita 2, au zungusha brashi juu ya sabuni ngumu kwa nusu dakika, kisha jenga povu usoni kwa mizunguko midogo, ukiongeza matone machache ya maji kila baada ya muda. Povu zuri linang'aa na lina uzito wa mtindi. Likiwa na mapovu makubwa ya hewa, maji yamezidi. Likikauka mashavuni kabla hujamaliza upande mmoja, maji yalikuwa haba. Kosa la pili ndilo lililo la kawaida.

Waishio pwani na kutumia maji ya kisima yenye chumvi watahangaika: sabuni ngumu haitoi povu, inaacha utando mweupe tu. Tumia krimu badala ya sabuni, na kwa ajili ya povu chukua maji ya mvua au ya chupa. Vijiko viwili au vitatu vya chai vinatosha, uso na mashine utasuuzia maji yaleyale ya kisima.

Hatua ya 5: Tafuta pembe

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu kichwa hakijikunji kama cha plastiki. Pembe unaishika wewe.

Anzia kwenye shavu, karibu na sikio, mahali palipo tambarare. Laza bamba la juu kwenye ngozi, mpini ukiwa umesimama mbali na uso kama msumari ukutani. Katika hali hiyo wembe haugusi kitu. Anza kuivuta mashine chini polepole, huku ukiushusha mpini kidogokidogo kuelekea shingoni. Kuna mahali utasikia sauti ya ndevu zikikatika, na ndipo pembe ilipo. Kwa mashine nyingi wembe wenyewe huwa takribani nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, lakini usipime, sikiliza. Wembe mnene una sauti kubwa na kavu inayosikika waziwazi bafuni. Zima redio, zima feni, na unyoe nusu ya shavu kwa masikio.

Ukiushusha mpini kupita kiasi, sauti hubadilika na kuwa ya kukwangua, na ngozi inaanza kuwasha. Rudisha mpini juu. Ukikosea, bora ukosee kwa kuuacha mpini juu mno: wembe hautakata, basi. Chini mno, unachubua ngozi.

Nguvu ya mkono: hakuna. Shika mpini kwa vidole vitatu, karibu na mwisho wake, ili hata ukitaka kukandamiza usiweze vizuri. Mashine nzito ya chuma cha pua inajishusha yenyewe. Ya aluminiamu ni nyepesi na inakushawishi ukandamize, kwa hiyo kuwa macho zaidi.

Hatua ya 6: Awamu ya kwanza, kufuata ndevu tu

Mipito iwe mifupi: sentimita 2 hadi 3 mashavuni, sentimita 1 kidevuni na chini ya pua. Suuza kichwa kila baada ya mipito mitatu au minne. Wembe wa upande mmoja hauna upande wa pili wa kugeukia, na kichwa kilichojaa povu huruka juu ya ndevu bila kukata, ndipo mtu anapokandamiza.

Kidevuni pembe hubadilika kila nusu sentimita kwa sababu mfupa umepinda. Zungusha kifundo cha mkono kuufuata, usijaribu kuumaliza kwa mpito mmoja. Chini ya pua, vuta mdomo wa juu chini juu ya meno, anza katikati. Kichwa cha Artist Club ni kirefu na hapo kitakusumbua, nusu wembe unapita vizuri zaidi. Jambo la kuogopa kuliko yote ni mwendo wa kando. Wembe ukisogea kwa ubavu hata milimita moja, umeshakukata.

Shingoni, inua kidevu uitulize ngozi, lakini usiivute kwa vidole kwa nguvu. Ngozi iliyovutwa ikiachiwa hufunika ncha za nywele, na tunarudi kwenye vipele vilevile. Nyoa kwa kufuata ile picha ya simu, hata kama maana yake ni kunyoa kutoka chini kwenda juu.

Baada ya awamu hii uso hautakuwa mlaini kabisa. Kwa mara tatu au nne za mwanzo, ishia hapa.

Hatua ya 7: Awamu ya pili, ukiihitaji

Paka povu upya, siku zote, kisha pitisha wembe kwa kukatisha ndevu, kwa mfano kutoka sikioni kuelekea puani. Kunyoa kinyume na ndevu kunaleta ulaini unaosifiwa kwenye video, na kwa ngozi ya mwenye ndevu za kipilipili ni kujitafutia balaa. Mimi singefanya hivyo shingoni kamwe.

Hatua ya 8: Shabu na mafuta

Suuza kwa maji baridi. Lowesha kipande cha shabu, kipitishe uso mzima, subiri dakika moja, suuza. Shabu husimamisha damu ya mikato midogo, na tena inakupa ripoti: panapochoma ndipo ulipokandamiza au pembe ilipokuponyoka. Kumbuka mahali hapo kwa mara ijayo. Malizia na losheni isiyo na manukato. Spiriti ya kinyozi hukausha na kuunguza ngozi, haina kazi hapa.

Hatua ya 9: Kausha

Legeza mpini nusu zungusho, suuza, kung'uta, acha mashine mahali penye hewa nje ya bafu. Usifute makali kwa kitambaa. Nyembe za bei ndogo ambazo si za chuma cha pua hupata kutu kwa usiku mmoja tu kwenye unyevu wa Dar au Mombasa. Hizo zitoe kabisa uzikaushe.

Mambo yakiharibika

Wembe ukivuta badala ya kukata, tazama povu kwanza, kisha umri wa wembe. Nusu wembe huenda mara 3 hadi 5, GEM zaidi kidogo, Artist Club mara 10 na kuendelea, lakini ndevu ngumu hupunguza hesabu hizo. Wembe mpya wa Artist Club ukiwa mkali mno siku ya kwanza, usiutupe. Mara ya pili huwa umetulia.

Wekundu wa shingo usiopoa mpaka jioni ni mkandamizo, au umenyoa kinyume bila kujua. Rudia Hatua ya 2. Ikiwa upande mmoja tu wa uso ndio unaoumia, kagua wembe umekaaje, halafu kagua mkono: mtu wa mkono wa kulia hubadilisha pembe bila kujua anapovuka kwenda shavu la kushoto.

Katika majaribio badilisha kitu kimoja kwa wakati. Sabuni ileile, wembe uleule, mashine mpya. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kimekuchubua.

Wembe wako usimwazime mtu, hata ndugu wa tumbo moja: virusi vya homa ya ini aina ya B na VVU hupita kwenye damu usiyoiona. Zilizotumika zitumbukize kwenye kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko kwa mpasuo mwembamba, na likijaa lifunge kwa gundi kabla ya kulitupa. Ukisafiri kwa ndege, mashine tupu kwa kawaida hupita kwenye begi la mkononi, nyembe ziende kwenye mzigo wa chini.