Mkoba uache mlangoni, swali ingia nalo: namna ya kutumia maktaba ya shule

Lanchi ikifika hapa kwetu Eastlands maktaba inajaa haraka kuliko kantini, lakini ukiangalia vizuri waliokuja kusoma ni wachache. Kuna wa kukimbia jua, kuna wa kukimbia prifekti, kuna yule amelaza kichwa juu ya atlasi kama mto na anakoroma kabisa, na mwezi wa Julai wakati wa baridi ndio usiseme, wote wanajua chumba chetu ndicho chenye joto shule nzima. Siwafukuzi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, funguo za maktaba nilibebeshwa tu juu hakukuwa na mtu mwingine wa kuzishika, na shule nyingi za Nairobi ndivyo zilivyo, mkutubi aliyesomea hiyo kazi ni bahati. Lakini kwa miaka ambayo nimekaa pale mlangoni nimeona kitu kimoja kinajirudia: mwanafunzi akija na mada anatoka mikono mitupu, akija na swali anatoka na kitu.

Mada ni hivi. Mtoto wa gredi ya nane anaingia mbio, kengele imebaki dakika kumi, "Madam, kuna kitabu cha Nairobi?" Sasa nimpe nini? Kuna vitabu vya historia, kuna ramani, kuna mambo ya taka na mto, kuna hadithi zimetungwa kuhusu River Road. Nikimpa chochote atakaa nacho, afungue katikati, anakili aya mbili, aondoke. Kwa hivyo kabla hujaingia simama hapo nje wakati unaweka mkoba chini, toa daftari na kalamu (hizo unaruhusiwa kuingia nazo), andika swali moja lenye alama ya kuuliza mwishoni. Si "Nairobi". Andika "kwa nini mji wa Nairobi uko pale ulipo na si kwingine?" Ukishaandika hivyo kazi yangu imekuwa rahisi na yako pia, manake hilo swali lenyewe linakuonyesha utafute nini: reli, maji, ardhi, na watu waliokuwa hapo kabla ya reli.

Kisha mwambie mwalimu au prifekti wa maktaba hilo swali lote, usifupishe. Wengi wanaona aibu kuuliza, wanazunguka rafu robo saa wakijifanya wanajua. Uliza! Na sema pia ni ya kazi gani, inatakiwa lini, na umeshaangalia wapi. Mtu akiniambia "nimeangalia kitabu cha darasa, kinasema reli ilifika 1899 tu, hakisemi kwa nini walisimama hapo", huyo nitaacha chai yangu niende naye mpaka kwa rafu.

Haya, rafu. Zile namba kwa mgongo wa kitabu si mapambo na si namba ya shule, ni mpangilio wa Dewey, Mmarekani fulani aliyeutoa mwaka wa 1876, na unagawanya vitu vyote duniani kutoka 000 hadi 999. Huhitaji kuukariri. Shika namba chache za masomo yako: hesabu 510, fizikia 530, kemia 540, baiolojia 570, kilimo 630, historia ya Kenya 967.62. Lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi ya Kiswahili 896.392, na hapa niseme kinachoniudhi, huyu bwana alizipa lugha za Ulaya nafasi kubwa kubwa halafu lugha nyingi za Afrika zikasukumwa ndani ya 496, kama abiria wa mathree (matatu) ya asubuhi ya Jogoo Road. Uislamu pia ni 297 basi, wakati sehemu kubwa ya 200 zilizobaki ni Ukristo. Ukijua hivyo hutashangaa kwa nini kitabu chenye unatafuta kina namba ndefu hivyo. Shule zingine hawaandiki namba yote, wanaweka tatu za kwanza na stika ya rangi. Pia ni sawa, bora ujue rangi ya somo lako.

Sasa turudi kwa swali letu la Nairobi, uone vile linakutembeza. Unaanza 967.62, historia. Halafu unaenda 385, mambo ya reli, ambako wengi hawafikirii kwenda. Halafu 916.762, jiografia ya Kenya, upate nchi ilivyo, sehemu tambarare kabla reli haijaanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa, na maji yaliyokuwepo, hata jina lenyewe limetoka kwa Kimaasai na linahusu maji baridi. Rafu tatu, swali moja. Na kwa kila kitabu usianze ukurasa wa kwanza, hatuko kwa hadithi. Fungua yaliyomo mbele, kisha faharasa nyuma, ile orodha ya maneno kwa alfabeti na kurasa zake. Tafuta "Nairobi", tafuta "reli", nenda moja kwa moja ukurasa huo. Kitabu cha kurasa 300 kinakuwa kurasa nne. Nilipowaonyesha darasa moja faharasa mara ya kwanza kuna kijana alisema "kumbe kitabu kina Google ndani", na tangu siku hiyo sijatafuta maelezo mengine.

Kabla hujaandika chochote angalia mwaka wa kuchapishwa, uko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Hii watu wanaruka na inawaangusha. Kama atlasi inaonyesha Sudan ni nchi moja, ilichapishwa kabla ya 2011. Kama inakuambia Kenya ina mikoa minane, ni ya kabla ya kaunti 47 kuanza kazi mwaka wa 2013. Si ati kitabu kizee ni kibaya, kwa swali la reli hicho kizee kinaweza kuwa kitamu kuliko kipya, lakini kwa idadi ya watu au mipaka utaandika uongo na bidii zako zote. Halafu kwa daftari, juu ya yale unayonukuu, andika mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Hapo hapo. Usiseme utarudi jioni, jioni kitabu kimeazimwa.

Kamusi nayo ina siri yake na nitakaa hapa kidogo juu ni somo langu. Mwanafunzi anatafuta "walipokusanyika" kwa herufi W, anakosa, anasema kamusi ni mbovu. Vua lile neno nguo zote: toa wa, toa li, toa po, toa hiyo ik iliyo kabla ya a ya mwisho, utabaki na kusanya, hilo ndilo litakuwa kwa K. Nomino tafuta kwa umoja, yaani "meno" iko kwa jino, "kuta" iko kwa ukuta, "nyuzi" iko kwa uzi. Ukijua hivyo tu umeshawapita wengi. Na kamusi na atlasi hazitoki nje ya chumba, usinibembeleze.

Kompyuta. Najua hapa ndipo ulikuwa unangoja. Sisi tuko na mashine tano na darasa lina watoto 48, kwa hivyo kuna daftari la zamu na kila mtu ni dakika ishirini, na wengi dakika kumi na tano zinaisha wakifikiria waandike nini kwa hicho kisanduku. Njoo na maneno ya kutafuta umeyaandika kwa karatasi, matatu au manne, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, juu mara nyingi lugha moja ikikunyima nyingine inakupa. Intaneti ikipotea (na itapotea, ama stima) haimaanishi mashine imekufa. Kuna Kiwix, hiyo ni Wikipedia nzima imepakuliwa na kuwekwa ndani, inasomeka bila bando hata moja, na kuna Kolibri ambayo ina masomo na video na mazoezi, nayo imetengenezwa kwa ajili ya shule ambazo hazina mtandao. Uliza kama shule yenu wameweka. Kama hawajaweka mwambie mwalimu wa kompyuta, ni za bure, kinachotakiwa ni mtu wa kuzipakua mara moja mahali penye waifai nzuri na diski yenye nafasi. Ila kumbuka Wikipedia ya Kiwix imesimama siku ile ilipopakuliwa, ukitaka habari ya wiki jana haimo. Mtandao ukiwepo, KICD, ile taasisi ya mitaala ya Kenya, wana tovuti ya Kenya Education Cloud, anzia hapo kwa mambo ya mtaala kabla hujapotelea kwa YouTube.

Na hizi programu za akili unde (AI), nisijifanye hamzitumii. Kitu kimoja tu: ikikupa jina la kitabu, njoo ulitafute kwa katalogi, ile orodha ya vitabu vya maktaba, kwanza kabla hujaliandika kwa projekti. Muhula uliopita nililetewa orodha ya vitabu sita, vimepangwa vizuri sana na mwaka na kila kitu, vinne havikuwepo duniani. Mwenye orodha alishangaa kuliko mimi.

Simu shuleni haziruhusiwi kwa hivyo hakuna kupiga picha ukurasa, utaandika kwa mkono ama ulipie printi. Kuandika kwa mkono si adhabu. Ukifupisha kwa maneno yako mwenyewe unajua papo hapo kama umeelewa. Flashi ziletwe kwangu kwanza nizipitishe kwa programu ya virusi, tulishapoteza kazi za darasa zima kwa sababu ya flashi moja iliyotoka saiba ya mtaani.

Kuazima ni haraka: kitabu kimoja au viwili, wiki mbili, tarehe inagongwa mhuri nyuma. Kikipotea unanunua kama hicho, hata mzazi ajue mapema. Usikunje ukurasa, weka kipande cha karatasi, na usikifungue mezani penye sukuma wiki. Halafu kuna ule mchezo wa kuficha. Karibu na mtihani wajanja wanachukua kitabu ambacho kila mtu anakitaka wanakichomeka nyuma ya ensaiklopidia kubwa ili kesho kiwe chao peke yao, na wengine wabaya zaidi wanachana ukurasa. Mimi najua maficho yote, nayakagua kila Ijumaa jioni. Ukitaka kitabu kibaki kwako njoo useme, nitakuandikia zamu, si lazima tuwindane.

Wazazi wengine wataniuliza, sasa kama shule ya mtoto wangu maktaba yenyewe ni kabati ndani ya stafurumu? Zipo nyingi hivyo. Tumia Jumamosi. Pale Banda Street kuna McMillan, lile jengo lenye simba wawili mbele, lilifunguliwa 1931 na lilikuwa la Wazungu peke yao mpaka baraza la jiji lilipolichukua 1958, kwa hivyo mtoto wako akipanda zile ngazi anapanda mahali ambapo babu yake angefukuzwa. Ina matawi Kaloleni na Makadara, karibu na nyumbani kwa wengi wetu, na shirika la Book Bunk limeyakarabati pamoja na kaunti. Halafu kuna za taifa, Maktaba Kuu kule Upper Hill na tawi la Buruburu. Ulizia kwanza masaa yao na ada kabla hujapoteza nauli, mwende mara ya kwanza pamoja, umwonyeshe mlango na mahali pa kuuliza, safari ya pili ataenda na wenzake. Na zile namba za Dewey ni zile zile, 967.62 ya shuleni ndiyo 967.62 ya Buruburu.

Ukimaliza kusoma, kitabu usikirudishe kwa rafu wewe mwenyewe. Najua unataka kusaidia, asante, lakini kiache mezani, prifekti atakirudisha. Kuna kitabu chetu cha ufugaji wa kuku tulikitafuta karibu mwaka mzima, nikawa nimeshamwandikia mtu deni, na yeye akiapa alikirudisha. Kweli alikirudisha. Tulikikuta 220, katikati ya Biblia mbili.