Kuwafundisha Watoto Jinsi Wanyama Walivyotokea Majini: Somo la Hatua kwa Hatua

Somo hili ni la walimu na wazazi wanaotaka kuwaeleza watoto wa miaka 9 hadi 12 jinsi wanyama tunaowafahamu, kuanzia kuku wa uani hadi tembo wa mbugani, walivyotokana na viumbe vilivyoishi majini zamani sana. Kabla ya kuanza, naomba tukubaliane juu ya jambo moja ambalo ndilo mhimili wa somo zima: hakuna mnyama hata mmoja aliyegeuka akawa mnyama mwingine, wala hakuna samaki aliyeota miguu. Kinachobadilika ni ukoo, tena polepole mno. Katika kila kundi la viumbe, watoto hawafanani kabisa na wazazi wao wala wao kwa wao. Wale ambao tofauti yao inawasaidia kupata chakula, kumkwepa adui na kuzaa huacha watoto wengi zaidi, na watoto hao huirithi tofauti hiyo. Jambo hilo likijirudia vizazi kwa vizazi, kwa mamilioni ya miaka, kitukuu wa mwisho hafanani tena na babu wa kwanza. Mtoto akitoka darasani akidhani kwamba samaki fulani aliamua kuhamia nchi kavu kwa sababu alichoka na maji, somo limemponyoka, hata kama amekariri majina yote.

Vifaa ni vichache: uzi wa mita 4 na sentimita 54, rula, vipande vya karatasi na gundi, sato mmoja mbichi na bawa la kuku lililochemshwa likaiva vizuri.

Hatua ya kwanza: utandazeni uzi

Umri wa dunia ni takriban miaka bilioni 4.54. Katika uzi wetu kila milimita moja ni miaka milioni moja, kwa hiyo mwanzo wa uzi ni kuzaliwa kwa dunia na mwisho wake ni leo. Utandazeni sakafuni, na vipimo vyote mvichukue kutoka upande wa leo. Usiwaambie watoto mapema wanyama wanaanzia wapi. Mwache kila mmoja aweke kidole mahali anapodhani, kisha mwendelee. Karibu wote wataweka mbali mno na mwisho, na mshangao watakaoupata baadaye utawakaa kichwani kuliko tarakimu yoyote utakayoiandika ubaoni.

Hatua ya pili: bahari isiyo na mnyama

Bandikeni karatasi ya kwanza kwenye mita 3.5. Hapo tayari kuna uhai, lakini ni uhai wa bakteria, viumbe vya seli moja visivyoonekana kwa macho. Karatasi ya pili iende kwenye mita 2.4, wakati oksijeni ilipoanza kuongezeka hewani kutokana na bakteria waliotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Watoto wapewe nafasi ya kutembea kando ya uzi kutoka hapo kuelekea leo, mita moja na zaidi bila kumkuta mnyama yeyote. Ukimya huo wa uzi una maana yake, kwa hiyo usiujaze kwa maneno.

Hatua ya tatu: wanyama wa kwanza walikuwa laini

Kwenye sentimita 56 andikeni Charnia. Huyu alikuwa kiumbe wa sakafu ya bahari mwenye umbo kama la jani, asiye na mdomo wala macho. Kisa cha kugunduliwa kwake ni cha watoto, na sielewi kwa nini vitabu vingi vya shule vinakiruka. Mwaka 1956 msichana wa miaka 15 aitwaye Tina Negus aliona alama yake katika mwamba wa Charnwood Forest nchini Uingereza, akamweleza mwalimu wake, naye akamjibu kwamba miamba ile ni ya kale mno kuwa na visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa zamani zilizohifadhiwa ndani ya miamba. Mwaka uliofuata mvulana wa shule, Roger Mason, akaiona pia, safari hii habari ikamfikia mtaalamu wa miamba, na mwaka 1958 kiumbe huyo akapewa jina la kisayansi. Msichana alikuwa ameona sawasawa.

Visukuku vya zama hizo vimepatikana pia Namibia, Australia na Urusi. Vingi ni alama tu za miili laini, kwa maana mifupa na magamba magumu vilikuwa havijaenea. Ili watoto wapate picha, wakumbusheni sifongo, matumbawe na konyeza, wanyama wa pwani yetu ambao hadi leo wanaishi bila uti wa mgongo na bila ubongo.

Hatua ya nne: bahari inajaa

Kuanzia sentimita 54 hadi 48 na nusu ni kipindi cha Kambria. Hapa ndipo yanapoonekana macho, miguu yenye viungo, maganda magumu na meno ya kukamatia mawindo. Mwaka 1909 Charles Walcott alianza kuchimbua huko Burgess Shale, katika milima ya magharibi mwa Kanada, mabaki ya viumbe wa miaka milioni 508 iliyopita. Miongoni mwao yumo Opabinia, aliyekuwa na macho matano na mkono mmoja mrefu uliotokea mbele ya kichwa. Waambieni watoto wamchore kabla ya kuwaonyesha picha yake.

Katika jimbo la Yunnan nchini China wamepatikana samaki wadogo wa miaka milioni 518 iliyopita, urefu wao wa sentimita chache tu, wasio na taya. Ukoo wetu sisi wenye uti wa mgongo uko pale, mdogo na mnyonge, katikati ya viumbe wakubwa wenye maganda. Taya zilikuja baadaye, na samaki wakatawala bahari.

Hatua ya tano: mfupa mmoja, mifupa miwili, vifupa vingi

Hatua hii ndiyo kiini, msiiharakishe. Weka sato mezani, umfungue pezi la kifuani. Watoto wataona vijiti vyembamba vilivyoshikanishwa na ngozi. Ndani ya pezi lenyewe hakuna mfupa mnene hata mmoja. Sasa chukua bawa la kuku, uondoe nyama polepole mbele yao. Kuanzia begani kuna mfupa mmoja. Baada ya kiwiko kuna mifupa miwili iliyolala sambamba, mmoja mnene kuliko mwenzake. Mwishoni kuna vifupa vidogo vya kifundo na vidole, vingine vimeungana. Kisha kila mtoto apapase mkono wake mwenyewe: mmoja, miwili, vingi. Mpangilio ni ule ule katika bawa la popo na katika mguu wa mbele wa mbuzi, ingawa kwa mbuzi baadhi ya mifupa imeungana au imepotea.

Swali la kuwauliza ni hili: mpangilio huo ulianzia wapi? Jibu lilipatikana katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, mwaka 2004. Neil Shubin na wenzake walijua kwamba katika miamba ya miaka milioni 385 kuna samaki tu, na katika miamba ya miaka milioni 365 tayari kuna wanyama wa miguu minne. Wakachagua miamba iliyo katikati, iliyotokana na mito ya kale, wakatafuta kwa miaka kadhaa mpaka wakampata Tiktaalik, wa miaka milioni 375. Alikuwa na magamba na mapezi kama samaki, lakini kichwa chake kilikuwa bapa chenye macho juu, shingo iligeuka bila kugeuza mwili, na ndani ya pezi lake kulikuwa na mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vifupa vya kifundo. Bandikeni karatasi yake kwenye sentimita 37 na nusu.

Kuna mambo mawili hapa ambayo vitabu vya watoto hukosea mara nyingi. La kwanza, Tiktaalik hakuishi baharini, aliishi katika maji ya kina kifupi ya mito. Kwa hiyo hatua hii tuseme wanyama walitoka majini, tusiseme walitoka baharini. La pili, miguu haikutokea kwa ajili ya nchi kavu. Acanthostega, mnyama wa kale wa Greenland, alikuwa na miguu minne yenye vidole, vidole vinane katika mguu wa mbele, na bado alikuwa na matamvua ya kuvutia oksijeni majini, na miguu yake haikuweza kuubeba mwili wake vizuri ardhini. Miguu ilianza kama chombo cha kujisukuma kati ya majani na matope ndani ya maji. Mapafu nayo yalianza kwa samaki, katika maji yaliyopungukiwa na oksijeni. Viumbe vilipofika nchi kavu, vifaa vyote viwili, miguu na mapafu, vilikuwa tayari.

Wanaoishi karibu na Ziwa Victoria wanaye shahidi hai: kamongo. Ana mapafu, na akizuiwa kufika juu ya maji kuvuta hewa hufa kwa kukosa pumzi, ingawa ni samaki. Maji yakikauka hujichimbia matopeni, akajizungushia ute unaokauka kuwa kifuko, akalala humo kwa miezi hadi mvua irudi.

Hatua ya sita: zilizobaki

Malizieni uzi kwa haraka. Karibu na sentimita 31 kuna wanyama waliotaga mayai yenye utando na ganda, ambayo hayakuhitaji tena kutagwa majini kama ya chura. Kwenye sentimita 15 kuna dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambao mifupa yao ilichimbuliwa kati ya 1909 na 1913, na mifupa ya mkubwa wao imesimamishwa Berlin hadi leo. Sentimita 6 na milimita 6 ni mwisho wa dinosaria, isipokuwa tawi moja lililobaki, nalo ni ndege. Binadamu wa aina yetu, mwenye takriban miaka 300,000, hatoshi hata nusu milimita.

Maswali ya walimu na wazazi

*Mwalimu, shikamoo. Wanafunzi wangu waliniuliza: kama samaki walibadilika, mbona samaki bado wapo?*

Marahaba. Wajibu kwamba samaki wote hawakufuata njia moja. Ukoo mmoja wa samaki wa maji ya kina kifupi ndio uliozaa wanyama wa miguu minne, na koo nyingine ziliendelea kubaki majini, nazo zikabadilika kwa namna yake. Sato wa leo si babu yetu. Yeye na sisi tuna babu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Chora ubaoni mti wenye matawi, usichore ngazi.

*Mimi ni mzazi kutoka Tanga. Huku kwetu tunasikia kwamba silikanti ndiye samaki aliyetuzaa. Je, ni kweli?*

Si kweli, ndugu yangu, ingawa fahari ya Tanga ni ya haki. Wanasayansi walidhani kundi la silikanti lilitoweka pamoja na dinosaria, hadi Desemba 1938 alipoletwa mmoja katika bandari ya East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo akatambua kwamba si samaki wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu, na hifadhi yake ikaanzishwa mwaka 2009. Mapezi yake yana nyama na mifupa ndani, ndiyo maana anafaa sana kwa somo letu. Lakini uchunguzi wa jeni zake uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba jamaa wa kamongo wako karibu nasi zaidi kuliko yeye. Silikanti ni binamu, kamongo ni binamu wa karibu zaidi.

*Mwanangu anasoma madrasa na shule. Aliniuliza aamini lipi. Nimjibu vipi bila kumvunja moyo?*

Swali hilo ni zito, nami nakushukuru kwa kulileta hapa. Mimi huwaambia watoto kwamba somo hili linaeleza kile kinachoonekana katika miamba na katika miili ya wanyama, na kwa mpangilio gani. Swali la nani aliyeviweka vitu vyote na kwa nini, mwalimu wa sayansi hana kipimo cha kulijibia, na mtoto ana haki ya kulipeleka kwa wazazi wake na kwa mwalimu wake wa dini. Wapo waumini wengi, Waislamu na Wakristo, ambao ni wataalamu wa elimu ya viumbe. Kwa vyovyote vile, usimruhusu mtoto yeyote darasani amcheke mwenzake kwa imani yake.

*Miaka milioni 375 ilihesabiwaje, na hakuna aliyekuwepo?*

Katika matabaka ya miamba mara nyingi kuna majivu ya volkano, na ndani yake kuna chembe ngumu za madini ya zirkoni. Chembe hizo zilipoumbika zilinasa urani, lakini hazikupokea risasi (ile metali, si ya bunduki). Urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani ya aina iliyo nyingi zaidi huisha kwa takriban miaka bilioni 4.5. Ukipima kiasi cha vyote viwili ndani ya chembe, unapata umri wa majivu, na kisukuku kilicho kati ya matabaka mawili ya majivu umri wake uko kati ya umri wa matabaka hayo.

*Tuliwapeleka watoto Kizimkazi kuwaona pomboo. Mmoja alisema pomboo ni samaki ambaye hajatoka majini bado. Tulishindwa kumjibu.*

Pomboo ni kinyume chake: mababu zake walikwisha kutoka majini, wakaishi nchi kavu, kisha ukoo wao ukarudi. Mabaki ya Pakicetus, mnyama wa miguu minne wa takriban miaka milioni 50 iliyopita, yalipatikana Pakistan, na mfupa wa sikio lake una umbo linalopatikana kwa nyangumi na pomboo. Jamaa yao wa karibu zaidi aliye hai nchi kavu ni kiboko. Mkirudi Kizimkazi, mwambie mtoto atazame mkia. Samaki huupeleka mkia wake kushoto na kulia. Pomboo huupandisha na kuushusha, kama mgongo wa mnyama wa miguu minne unavyopinda akikimbia. Halafu atazame anavyopanda juu kuvuta hewa, maana ana mapafu, hana matamvua, na mtoto wake hunyonya maziwa.