Kumpiga picha bibi harusi bila kumpotezea rangi ya ngozi yake

Mama mmoja wa Temeke alinirudishia albamu ya harusi ya bintiye. Aliifungua ukurasa wa kwanza akaniambia, "Mwanangu, huyu uliyemweka humu simjui." Alisema kweli. Binti yake ana weusi wa kung'aa, mzuri mno, na mimi nilikuwa nimemtoa rangi ya majivu. Ukumbini nilimpiga flashi ya uso kwa uso, halafu kwenye kompyuta nikamwongezea weupe nikidhani ndivyo wateja wanavyopenda. Kabla ya hapo nilikuwa napiga picha za paspoti kwenye studio ya mtaani, ambako taa hazihami na ukuta ni ule ule kila siku. Haya ndiyo ninayoyafanya sasa, kwa kufuata siku yenyewe inavyokwenda.

Hatua ya 1: Onana na kamati ya harusi

Bei hapa Dar huzungumzwa na mwenyekiti au mweka hazina wa kamati. Chukua nusu kama kianzio, na nusu iliyobaki uipate kabla maharusi hawajaingia ukumbini, kwa sababu kamati ikishavunjwa hutajua umdai nani. Andikeni makubaliano, hata ya ukurasa mmoja, na humo iwemo ruhusa ya kuweka picha mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, sura ya mtu ni yake. Kama ni harusi ya Kiislamu na kuna shughuli ya wanawake peke yao, nenda na mpiga picha mwanamke, na picha zile zikabidhiwe kwa bibi harusi mwenyewe.

Uliza pia mpambaji atatumia vitambaa vya rangi gani. Utaona sababu yake kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Saluni

Mgeuze bibi harusi atazame dirisha, kisha omba taa za karibu yake zizimwe. Mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa taa, shavu moja linakuwa la samawati na la pili la njano. Linganisha uso na shingo na mikono. Kama poda imempausha, mwambie matroni kwa upole wakati mpambaji wa uso bado yupo. Baadaye hakuna programu itakayorekebisha hilo vizuri.

Hatua ya 3: Pima mwanga wa shavu

Hapa pia nilikosea, na ndipo naona vijana wengi wakikosea. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba chochote kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Gauni jeupe likijaza picha, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi unazama. Ukimgeukia bwana harusi mwenye suti nyeusi, inauongeza, na paji lake la uso linaungua, yaani linabaki jeupe tupu.

Kwa hiyo weka kamera kwenye M, yaani upange mwanga mwenyewe, chagua upimaji wa nukta moja, unaopima sehemu ndogo tu ya picha, na uielekeze kwenye shavu upande unaopata mwanga. Kwa ngozi ya maji ya kunde, kipimo hicho mara nyingi kinatosha. Kwa ngozi nyeusi zaidi, punguza theluthi mbili za stopu hadi stopu moja (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), la sivyo kamera itaivuta iwe kijivu. Kisha tazama gauni kwenye skrini. Kama lesi inawaka na kuzima kuonyesha imeungua, usipunguze mwanga mpaka uso uzame. Msogeze bibi harusi kivulini, tofauti ya gauni na uso itapungua yenyewe. Piga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata.

Tatizo hili lilianza zamani. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa.

Hatua ya 4: Ufukweni

Coco Beach inatazama mashariki, kwa hiyo jua huzama upande wa mjini. Fika saa 11 jioni, wasimamishe maharusi wakiipa bahari mgongo, na jua la chini liwaangukie usoni kwa ubavu. Jua letu hushuka karibu wima, na likishazama mwanga mzuri haufiki nusu saa. Usiutumie kupanga ndugu 40. Ndugu wapangwe mapema, maharusi wabaki wawili.

Hatua ya 5: Ukumbini

Usirushe flashi darini. Dari nyingi zimefunikwa vitambaa, na flashi ikigonga cha waridi, kila mtu anarudi wa waridi. Mimi huiweka flashi kwenye stendi na mwavuli mweupe, msaidizi wangu akiishika pembeni. Taa za ukumbi zikiwa za njano, nafunika flashi kwa karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa ili mianga ifanane. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, naiweka 1/100 ya sekunde, kwani umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukienda kasi zaidi unapata michirizi.

Muombe MC taa za zambarau zizimwe wakati wa keki na ndafu. Leza nazo zikwepe, zinaweza kuharibu sensa ya kamera, kile kifaa cha ndani kinachonasa picha.

Hatua ya 6: Usiku ule ule

Usilale kabla hujanakili faili sehemu mbili, na nakala ya tatu ikae nyumba nyingine. Memori kadi usizifute mpaka albamu ikabidhiwe.

Katika kusahihisha, anza na ngozi, gauni lifuate. Usimng'arishe mtu hata shangazi yake akikuomba. Mrejeshee rangi aliyokuja nayo. Kabla ya kuchapa albamu, chapa picha moja ya uso na uitoe nje kwenye mwanga wa mchana, maana skrini hudanganya. Mimi picha hiyo humpelekea mama wa bibi harusi, nikasubiri aitazame.