Kiwanja cha pembezoni: anza kwa jirani, si kwa dalali

Mimi ni fundi ujenzi. Nimejenga Chanika na Msongola, pembezoni mwa Dar es Salaam, zaidi ya miaka kumi, na mara mbili nimeitwa kubomoa ukuta nilioupandisha mwenyewe, kisa kiwanja kina wenyewe wawili. Kwa hiyo ukiniuliza namna ya kununua, nakwambia hivi.

Mara ya kwanza nenda bila dalali. Panda boda jioni, watu wakiwa wamerudi, upige hodi kwa majirani wa pande zote. Usiulize kama muuzaji ni mwaminifu, maana nani atamsema jirani yake? Uliza, "Mpaka wenu na huyu uko wapi?" Anayejua atakupeleka hadi kwenye mnyaa au mkorosho. Akianza kumung'unya maneno, kuna kesi hapo.

Halafu pima kwa futi kamba. Mimi niliuziwa "hatua 20 kwa 20". Siku ya kuonyeshwa alitembea muuzaji, mrefu kama mnazi. Siku ya kuandikishana akamtuma mdogo wake, miguu mifupi, anatembea kama anakwepa tope. Nilipokuja kupima, upande mmoja ulikuwa mita 13 na nusu. Kwenye mkataba andika mita, na majirani wasaini.

Mhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mmeuziana. Hati miliki ni kitu kingine. Ukidaiwa pale mtaani ile asilimia 10 maarufu ya bei ya kiwanja, omba risiti ya serikali uone sura zitakavyobadilika. Na jua uko upande gani: ukivuka kuingia Kisarawe, Mkoa wa Pwani, unaweza kuwa kwenye ardhi ya kijiji, na huko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Shamba la urithi? Dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kama kuna nyumba ya familia, mke naye asaini, tena mbele yako.

Kabla ya kulipa, mlipe mpimaji achukue vipimo vya pembe zote, upeleke idara ya ardhi ya halmashauri waviangalie kwenye mchoro wa mipangomiji. Unaweza kukuta umesimama katikati ya shule. Kando ya mto acha mita 60. Barabara kuu ndiyo usiikadirie kwa macho: Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya, hifadhi ya barabara ilikuwa mita 121.5 kila upande, na 2017 nyumba zenye X nyekundu zililala chini.

Lipa kwa benki, mbele ya wakili. Kesho yake simika nguzo za mpaka majirani wakiwepo, na umwage tripu moja ya mchanga hata kama hujengi mwaka huu.