Daraja la mbao kwenye njia ya baiskeli: anza na maji

Daraja langu la kwanza la baiskeli hapa Lushoto nililijenga kama watu wanavyovuka mtaro shambani: mbao tatu ndefu, nikazilaza kufuata njia, basi. Miaka yote nilikuwa napaua nyumba na kuchonga milango, nikaona hiyo ni kazi ya jioni moja. Masika ilipoingia, kijana mmoja alishuka kwa kasi, tairi la mbele likazama kwenye ufa kati ya mbao mbili, akarushwa juu ya usukani. Mtulinga ulivunjika. Mimi ndiye niliyemfunga mkono kwa kanga ya mama mmoja aliyekuwa akitoka kukata kuni. Tangu siku ile mbao zangu zinakingama na njia, kama vipago vya ngazi, na kila ninachojenga naanza kwa kuuliza: maji yatapita wapi?

Madaraja ya namna hii, yaitwayo madaraja ya ngazi, yalipata umaarufu North Shore, kule Vancouver, Kanada, kwenye msitu wa mvua, matope na mizizi kama huu wetu wa Usambara. Wenzetu wana mwerezi mwekundu, mti unaostahimili kuoza, na hupasua magogo yaliyokwisha kuanguka. Sisi tuna mkulo, mti mzuri sana, lakini usiuguse. Nunua mbao za paina zilizowekwa dawa, na mihimili chukua mkaratusi uliokomaa. Paina isiyo na dawa ikigusa udongo wa huku, usiitegemee. Na kabla hujachimba hata shimo moja, pata ruhusa: njia ikipita msitu wa hifadhi ni Wakala wa Huduma za Misitu, ikipita kijijini ni serikali ya kijiji na mwenye shamba.

Tuseme unavuka kijito cha mita 4. Tafuta nguzo mbili za mkaratusi za kulaza toka ukingo hadi ukingo, ndizo mihimili yako: urefu mita 4.8, unene sentimita 15 hivi. Menya magome yote, kwa sababu gome hushika maji kama sponji na mti unaozea chini yake bila wewe kuona. Ncha za nguzo zikae juu ya mawe bapa, si juu ya udongo. Mawe hayo yachimbie mpaka yasitikisike, kisha weka pima maji juu ya nguzo zote mbili. Acha nafasi ya sentimita 50 kutoka kati ya nguzo hii hadi kati ya ile.

Mgongo wa kila nguzo usawazishe kwa tezo ili mbao zikae vizuri. Halafu fanya jambo ambalo sijaona wengi wakilifanya: chukua tyubu chakavu za baiskeli, zipasue kwa urefu, zitandaze juu ya mgongo huo. Msumari ukipita kwenye mpira, mpira unaubana, na maji hayateremki na tundu hadi moyo wa nguzo. Mahali mbao inapokutana na nguzo ndipo panapooza kwanza, kuliko kwingine kote. Fundi yeyote wa baiskeli atakupa tyubu hizo bure.

Sasa mbao za juu. Nunua za inchi 2 kwa 4. Ubao wa futi 12 ukiukata vipande vya sentimita 72 unapata vitano, kinabaki cha kuwashia jiko. Kwa daraja hili unahitaji vipande 42, yaani mbao 9. Kati ya kipande na kipande acha sentimita moja na nusu. Chonga kijiti cha unene huo uwe unakipachika kila mara badala ya kukisia. Ufa ukiwa mwembamba kuliko hapo matope yanaziba, ukiwa mpana unaanza kutikisa gurudumu.

Tumia misumari ya inchi 5, miwili kila upande. Mkaratusi mkavu hukunja msumari, kwa hiyo toboa kwanza kwa kekee. Misumari miwili iinamishe kidogo ielekeane, itashika ubao usinyanyuke. Skrubu nyembamba siziamini hapa, kwani daraja hucheza chini ya gurudumu na skrubu hukatika shingo.

Usipige randa. Uso wenye alama za msumeno ndio unaoshika tairi. Wako wanaopaka oili chafu ya injini ili kuzuia mchwa. Nakusihi usifanye hivyo, inateleza na inaingia kwenye kijito ambacho watu wanachota. Wavu wa kuku nao hushika vizuri mwanzoni, ila waya ukikatika unachana tairi na goti. Kwenye kivuli, utando wa kijani ukianza, sugua kwa brashi ya waya.

Njia iwe imenyooka mita 3 kabla ya daraja na 3 baada yake, na pale pa kuingilia tandika mawe ili matairi yaache matope huko. Pembeni, mita mbili kila upande, ng'oa visiki na uondoe mawe yenye ncha. Mtu atakayeanguka aangukie majani.

Ukitaka ubao mwembamba wa kujifunzia kupita bila kuyumba, anza na upana wa sentimita 30, chini kabisa, karibu kugusa ardhi. Kimo kije baadaye.

Kabla ya kufungua, simameni watu wanne katikati mruke pamoja. Nguzo ikilia au ubao ukicheza, rudi na nyundo. Kumbuka hapa kwetu daraja halitapitwa na baiskeli tu: watapita akina mama na mizigo ya kuni kichwani, watapita watoto wa shule na mbuzi. Mimi hupita yangu yote mwanzoni mwa Juni, masika inapoisha, na tena Januari baada ya vuli, nikiwa na bisibisi mfukoni. Naichoma nguzo kwa chini, pale inapokaa juu ya jiwe. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, nalifunga daraja siku hiyohiyo.